Vigoda Vitano Havitoki

Ijumaa hii, tarehe ishirini na nane Novemba, mwenzetu tunayemwita Bi Makofi anastaafu baada ya kulifundisha darasa la kwanza kwa miaka thelathini na mmoja, chumba kile kile, mlango ule ule unaokwaruza sakafu. Nimepewa heshima ya kumwandikia wasifu katika kijitabu hiki cha sherehe. Niliagizwa uwe nusu ukurasa, uwe na maneno ya adabu, na usiguse kabisa habari ya vigoda. Nusu ukurasa umenishinda. Adabu nitajitahidi. Habari ya vigoda ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, kwa hiyo anayeona itamharibia sherehe akifunge kijitabu sasa hivi ajipepee nacho.

Mimi ni jirani yake wa ukutani. Nafundisha hesabu darasa la sita, chumba cha pili, na kati yetu kuna ukuta mmoja wa tofali ambao haujawahi kuzuia kitu. Miaka yote hiyo nimefundisha sehemu na desimali huku upande wa pili watoto wanapiga makofi, ba! be! bi! bo! bu!, mpaka chaki inaruka kwenye ubao wangu. Nimelalamika vikaoni, nimegonga ukuta kwa ngumi, nimetuma viranja na ujumbe. Hakupunguza hata kofi moja. Alinijibu siku moja tu, akasema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, nami mpaka leo sijajua kati yetu chura ni nani. Sijutii kulalamika. Ana kelele yule mama, na simwombi radhi.

Wageni wasishtuke kwa hilo jina lake. Hajawahi kumgusa mtoto. Mwaka mmoja mzazi mpya alilisikia, akaja roho mkononi kuomba mwanawe ahamishwe haraka. Bi Makofi alimkaribisha akae nyuma ya darasa ajionee mwenyewe. Kengele ya mapumziko ilipolia, yule mama alikuwa bado amekaa, anajipigia jina lake magotini, kipande kwa kipande, na mwanawe anamwonea aibu.

Alipofika hapa alikuwa binti mwembamba mwenye sauti nene kuliko umbo lake. Siku hizo darasa la kwanza lilikuwa adhabu. Mwalimu akikorofishana na mkuu, anapelekwa kule akafute kamasi. Yeye alikorofishana naye siku ya kwanza, kwa kuuliza mbele za watu kwa nini wakubwa wana madawati na wadogo wanakaa chini, ilhali wadogo ndio wanaojifunza kuandika. Akapelekwa. Muhula ulipoisha mkuu akamwita, akamwambia amesamehewa, apande darasa la nne. Akakataa. Mkuu akadhani hakusikia vizuri, akarudia. Akakataa tena, akaongeza kwamba hakuwa ameomba msamaha, kwa hiyo mkuu anaweza kuutunza atakapouhitaji mwingine. Tangu hapo kila mkuu mpya amejaribu kumpandisha, na kila mmoja ameondoka na jibu lile lile. Shule imepata wakuu wengi. Darasa la kwanza limepata mwalimu mmoja.

Alichokikuta chumbani kilimuudhi. Watoto walikuwa wakiimba kitabu kizima bila kukosea, ukurasa hadi ukurasa, na wazazi wakija wanafurahi. Siku moja akawapa kitabu hicho kichwa chini miguu juu. Wakakisoma vizuri kuliko kilipokuwa wima. Sisi wengine tungecheka, tukaendelea na kazi. Yeye alikasirika, na hasira ile haijamtoka hadi leo. Alisema mtoto aliyeimbishwa maneno mazima atasoma yale aliyoimbishwa tu, na siku akikutana na neno ambalo hakuna aliyemwimbia, atasimama mbele yake kama mtu aliyefungiwa mlango.

Seremala alikuwa shuleni wiki hiyo akitengeneza madawati. Bi Makofi akamganda mpaka yakapatikana mabaki ya mbao, na kwenye mabaki vikatoka vigoda vitano. Akavipaka irabu: a, e, i, o, u. Kigoda cha i mguu mmoja ulitoka mfupi, na kinachechemea mpaka leo. Kila asubuhi watoto watano wanavikalia mbele ya darasa, nao ndio irabu wa siku hiyo. Waliobaki ni konsonanti, kila mmoja na herufi yake kifuani. Anaitwa B, anatoka, anamshika a mkono, wanatamka pamoja: ba! Darasa zima kofi moja. Anahamia kwa e: be! Kofi. Ba wawili wakisimama bega kwa bega, baba amefika darasani. Akichomoka mmoja akaingia ta, baba amegeuka bata, na hapo hakuna mwalimu duniani atakayewanyamazisha.

Kazi yenyewe ndiyo hiyo, haina siri. Mtoto anaona kwa macho kwamba neno lina vipande na vipande vinashikana mikono. Akishajua neno linavunjika, haliogopi tena.

Kuna nyakati mambo yalivuka mipaka. Muuza maziwa mmoja alikuja mbio kulalamika kwamba mwanawe hamwachi mdogo wake atembee. Kila yule mtoto mchanga akijaribu kusimama, kaka mtu anamrukia na kumshika mkono, eti konsonanti haisimami bila irabu. Mtoto wa watu alikuwa amekata tamaa ya kutembea. Sisi ofisini tulicheka mpaka machozi. Bi Makofi hakucheka. Kesho yake aliiwahisha herufi ya M kabla ya zamu yake, akawapigia neno mtoto: m, to, to, makofi matatu. Akawaonyesha kwamba huyu M wa kwanza hajashikwa mkono na yeyote, amesimama kwa miguu yake, na bado anahesabiwa. Kaka alirudi nyumbani akamwachia mdogo wake, na mama yao anaapa alitembea jioni ile ile. Tangu hapo watoto wanagombea kuwa M. Nasi walimu tukawa tunamwita yeye mwenyewe M pembeni, maana kwenye vikao vyetu mara nyingi alisimama peke yake na bado ikabidi ahesabiwe.

Kuta nazo alizigeuza mtaa. Alichora nyumba, kila nyumba ukoo wake wa maneno. Kwenye nyumba ya soma wanaishi somo, masomo, msomaji, kisomo na wajukuu wengine. Mtoto akiokota neno njiani, kwenye gunia au mlango wa duka, analileta asubuhi, na darasa linakaa kikao kama wazee wa ukoo kumuuliza mgeni ni wa nani. Kuna mmoja alileta limau kwenye nyumba ya lima, akashikilia kwamba limau nalo linalimwa, na kesi ikavuka kengele. Bi Makofi hakulifukuza. Alichora baraza mbele ya nyumba, akaliweka pale pamoja na wote wanaofanana na wenyeji kwa sura tu. Siku pikipiki ilipokuja kuomba nyumba ya pika, ikae na mpishi na mapishi, wazee hao wa miaka sita waliamua bila msaada kwamba pikipiki haiingizwi jikoni mwa watu, inaegeshwa nje. Mpishi wa shule alisikia, akaja dirishani kuuliza kama kweli na yeye yumo. Wakamwonyesha. Alijiangalia pale ukutani kwa muda mrefu, chakula cha mchana kikaungua, nasi tukakila hivyo hivyo.

Sasa niwape habari ya binti wa muuza mkaa, maana bila yeye hamngekuwa na kijitabu hiki mkononi.

Binti huyu alirudia darasa la kwanza mpaka wenziwe aliokuja nao wakamsahau. Alikuwa hasemi. Watoto, kwa ukatili wao wa kawaida, walimwita Jiwe. Mkuu wa wakati ule aliamua kwamba hafundishiki, akakubaliana na baba yake aondolewe, akasaidie kupima mkaa nyumbani. Siku baba alipokuja kumchukua, Bi Makofi alisimama mlangoni, mkono huku na mkono kule, akasema anayetaka kumtoa huyo mtoto amtoe na mwalimu wake kwanza. Muuza mkaa alikuwa mtu wa mabega, angeweza kumwinua kwa mkono mmoja akamweka kando. Nadhani aliona haya. Alimpa muhula mmoja.

Bi Makofi akamkalisha kwenye kigoda cha a, siku zote, bila zamu. A ndiye anayetembelewa kuliko wote, na kazi yake ni kufungua mdomo tu. Binti alifungua mdomo wiki baada ya wiki, sauti haitoki, na konsonanti waliomshika mkono ilibidi watamke peke yao. Halafu siku moja ikatoka, ndogo, ka. Mimi niliisikia kwa sababu darasa lilinyamaza ghafla, na kimya upande ule kilikuwa jambo la kutisha. Niliacha chaki nikaenda kuchungulia. Bi Makofi hakumsifu wala hakumkumbatia. Aliita konsonanti anayefuata, kama vile hakuna lililotokea, lakini alikuwa amekamata ukingo wa meza kwa nguvu.

Nje ya geti la kwao kulikuwa na kibao kilichoandikwa MKAA, na binti alikuwa amekipita tangu azaliwe. Siku moja akitoka shuleni alisimama mbele yake akapiga makofi matatu. M, amesimama peke yake. Ka. Na mwisho kabisa a, amekaa peke yake, yaani yeye mwenyewe. Akaingia ndani akamwambia baba yake kibao chako kinasema mkaa. Baba hakujua kusoma. Kibao alichorewa na mtu, akaamini tu. Asubuhi alikuja shuleni na vumbi lake la kazi, nasi tukasema haya, muhula umekwisha, amekuja kumchukua. Alikuja kuuliza binti yake amejuaje. Binti akampigia yale makofi matatu. Yule baba mwenye mabega alilia mbele ya darasa la kwanza, waziwazi, na darasa la kwanza, kwa kuwa ndiyo tabia yao, likampigia makofi.

Miaka michache baadaye, likizo moja, mkuu mwingine alileta wapaka rangi. Tuliporudi, mtaa wote wa maneno ulikuwa umezikwa chini ya rangi ya maziwa. Mkuu mwenyewe alimpeleka Bi Makofi chumbani kumwonyesha palivyong'aa. Nilikuwepo, nikajiandaa kwa vita. Yeye alizunguka kuta zote nne taratibu, akashukuru, akasema pamekuwa pasafi sana, panafaa sana kuanza upya. Kesho yake muuza mkaa aliteremsha gunia la mkaa wa kuchorea mlangoni bila kuulizwa na mtu. Kabla ya Ijumaa nyumba ya soma ilikuwa imesimama tena, nyeusi kuliko mwanzo. Walipaka tena mwaka uliofuata, na gunia likaja tena. Mara ya tatu mpaka rangi mwenyewe, ambaye mwanawe alikuwa pale pale darasani, alipaka dari, akapaka milango, akazizunguka nyumba zote kwa brashi ndogo, kisha akaripoti ofisini kwamba rangi imemwishia.

Nifike kwenye jambo lenyewe.

Mkuu wetu wa sasa si mtu mbaya, na nasema hivyo akiwa amekaa hapo mbele. Ametuletea paa lisilovuja na vyoo vyenye milango, na Mungu ambariki kwa milango. Lakini mwaka huu alikwenda semina akarudi na kitu kinaitwa Darasa Tulivu. Mtoto anaonyeshwa kadi yenye neno zima, analitazama, analinakili, anapewa kadi nyingine, na hakuna anayefungua mdomo. Hapo hapo shule inahitaji chumba cha kupokelea wageni, na chumba cha darasa la kwanza kiko karibu na geti. Mpango ukapangwa: Bi Makofi akiondoka, darasa la kwanza lihamie kona ya ukumbi, nyuma ya darasa la pili, likae na kadi zake kimya. Chumba kitiwe mapazia na makochi. Kuta zipakwe rangi, na safari hii mpaka rangi atoke mbali. Ama vigoda, vipigwe vanishi na kukabidhiwa kwa Bi Makofi mbele ya mgeni rasmi, leo, kama zawadi ya kumuaga.

Ilipotangazwa kikaoni, walimu walipiga makofi kabla hawajaelewa. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke, lakini hata punda hafungi teke lake kwa utepe. Bi Makofi alisimama, akashukuru kwa heshima zote, akasema zawadi hutoka kwenye mali ya mtoaji. Vigoda ni vya watoto, na yeye katika uzee wake hataki kukamatwa na mali ya watoto. Mkuu alicheka, akasema mama yetu ana utani, na zawadi ikabaki kwenye ratiba.

Jumatatu ya wiki hii mkuu alimtuma mlinzi akavichukue vigoda vikapigwe vanishi. Mlinzi akagonga mlango wa darasa la kwanza, akakuta vimekaliwa. Watoto watano, mikono magotini, walimweleza kwa upole kwamba wako katikati ya ka, ke, ki, hawawezi kusimama. Mlinzi ni mtu mwenye adabu na ana mtoto wake mle ndani. Akarudi akasema vimekaliwa. Akatumwa wakati wa mapumziko. Vimekaliwa. Akatumwa saa ya chakula. Vimekaliwa, wanakula wakiwa wamekaa. Na jioni Bi Makofi hufunga chumba akaondoka na ufunguo. Jumanne nikaona wanafunzi wangu wa darasa la sita, majitu yenye sauti zinazokatika, wanatoka mbio kengele ikilia, wanaingia chumba cha jirani, wanawapokea wadogo zao vigoda ili wakacheze. Jumatano viranja. Hakuna aliyewaamuru. Niliwauliza, wakaniambia kwamba na wao walianzia pale, na mmoja, anayenipa tabu sana kwenye desimali, akaniambia kwa kiburi kabisa kwamba yeye aliwahi kuwa o.

Jumatano mchana zamu ilipwaya, watoto wamekwenda kunawa, na mlinzi nikamwona anavuka uwanja. Nikaingia nikakaa. Kilichokuwa wazi ni kigoda cha i. Mimi si mtu mdogo, na kigoda kile kinachechemea. Nilipepesuka pale kama embe linalotaka kuanguka, huku nimeshika ukuta wa nyumba ya pika. Mlinzi alichungulia, akanitazama kutoka kichwani hadi viatuni, akasema sawa mwalimu, vimekaliwa, akaenda zake.

Nikiwa nimekaa pale ndipo nilipofanya uamuzi. Watu watauliza mwalimu wa hesabu anatafuta nini kwenye silabi. Nawajibu. Swali la hesabu husomwa kwanza ndipo likokotolewe. Watoto wanaotoka chumba kile wananifikia wakiwa wanasoma neno wasilolijua, wanalivunja, wanaliunga, wanaendelea. Wanaotoka kwingine, waliofundishwa kutazama neno zima na kuliogopa, wanakwama kwenye mstari wa kwanza kabla hata sijawauliza ngapi jumlisha ngapi. Nimefaidi kelele ya mwanamke huyu kwa miaka yote huku naigongea ukuta. Basi jana, wakati wa chai ya saa nne, mbele ya walimu wote, nilimwambia mkuu kwamba darasa la kwanza nalichukua mimi, chumba hicho hicho, vigoda hivyo hivyo, na la sita ampe kijana mwenye haraka ya kupandishwa. Mkuu alisema tutaona. Haya, na tuone. Liwalo na liwe.

Bi Makofi hakunipongeza. Alinitazama juu chini, akasema sauti ninayo ila makofi yangu ni ya harusini, hayana mpangilio, nije nijifunze. Nikaenda kipindi kilichofuata. Nilipewa herufi ya G kifuani, nikamshika mkono a, nikatamka ga, nikapiga kofi kabla ya wenzangu. Sheria ya darasa ni kwamba anayewahi kofi anarudi nyuma ya mstari. Nilirudishwa na binti wa miaka sita aliyeniambia nisijali, nitazoea.

Mtajiuliza maneno haya yote yamefikaje kwenye kijitabu ambacho nilipewa nusu ukurasa. Jana adhuhuri mwenye duka la uchapaji alikuja mwenyewe kuchukua maandishi. Ni mwanamke wa makamo, msemaji kupita kiasi, mikono ina wino hadi kiwikoni. Alipita ofisini, akaambiwa wasifu ukizidi aukate. Kisha akaingia chumba cha darasa la kwanza, akamwomba mtoto aliyekuwa kwenye kigoda cha a ampishe kidogo, akakaa. Kama hamjamtambua, ni yule yule Jiwe, binti wa muuza mkaa. Alikaa pale, magoti yamefika kidevuni, akausoma wasifu wangu kwa sauti kutoka juu hadi chini, na palipotajwa makofi darasa likapiga makofi. Bi Makofi alisikiliza akiwa amekamata ukingo wa meza.

Alipomaliza aliniambia nina mambo mengi sijayasema, niende naye dukani nikaongeze. Aya hizi za mwisho nimeziandika nikiwa nimesimama kando ya mashine yake, yeye anapanga huku ananikosoa. Nilimkumbusha agizo la kukata. Akanijibu kwamba watu wengi waliwahi kuagizwa wamkate yeye. Kwa hiyo mkiona hotuba ya mgeni rasmi imechapwa nyuma ya jalada kwa herufi za sisimizi, msinilaumu mimi. Mwenye mashine ameamua.

Ratiba inasema baada ya wasifu huu ni kukabidhi zawadi. Meza ya zawadi, hiyo yenye kitambaa cheupe, ni tupu, na msihangaike kuulizana. Zawadi imekaliwa. Kiti cha Bi Makofi nacho hapo mbele ni kitupu, kwa sababu hajawahi kutoka darasani kabla ya kipindi kwisha na hakuona sababu ya kuanza leo. Atakuja kengele ikilia. Makofi mnayoyasikia kutoka chumba cha karibu na geti si ya kumkaribisha mgeni rasmi. Ni darasa la kwanza, na wako kazini.

Bi Makofi, jirani yangu: asante. Asante kwa kila mtoto aliyenifikia akiwa haogopi neno. Asante kwa kusimama mlangoni ile siku, na kwa kuanza upya kila walipopaka rangi. Tumekuchosha, hukutuchoka. Nenda kapumzike sasa, mama, lala mpaka jua likuchome, na siku zako zilizobaki ziwe nyingi na nyepesi.

Muhula ukifunguliwa, ukiwa na safari zako ukapita nje ya geti letu, simama kidogo karibu na lile dirisha. Ukisikia kimya, usibishe hodi. Ingia, utufukuze wote, uanze upya. Ukisikia kelele, pita zako mama, vigoda vimekaliwa.